Maswali ya Wasomaji: Redio Inayosikiliza Kabla ya Kusema

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa ajili ya redio tambuzi, yaani redio inayochunguza hali ya masafa mahali ilipo, ikachagua chaneli iliyo wazi, kisha ikarekebisha nguvu na kasi yake ya kurusha mawimbi bila kungoja mtu aje kugeuza kitufe. Tumechagua barua tano. Majibu yake hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mhariri, mimi ni mkulima kando ya Nanyuki. Tangu mwaka 2013 tunasikia habari za intaneti inayopita katika chaneli za televisheni zisizotumika. Chaneli inawezaje kuwa tupu wakati tunaambiwa kwamba masafa ni mali adimu? Tena, nitajuaje kwamba intaneti ya jirani haitaniharibia taarifa ya habari ya saa moja usiku?

Ndugu mkulima, masafa ni adimu katika vitabu vya leseni kuliko yalivyo angani, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa taaluma hii yote. Televisheni ya antena katika sehemu yetu ya dunia imetengewa megahezi 470 hadi 694, zilizokatwa vipande vya megahezi 8, na hesabu hiyo inatoa chaneli 28. Mitambo miwili iliyo karibu ikirusha vipindi tofauti katika chaneli moja, watazamaji walio katikati hawapati chochote. Kwa hiyo wapangaji wa masafa huacha chaneli iliyotumika katika mji mmoja ikae kimya katika eneo linalopakana nao. Kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kukamilika Kenya mwaka 2015, kuliongeza ukimya huo, maana chaneli iliyokuwa ikibeba kituo kimoja sasa inaweza kubeba vituo kumi na zaidi.

Mradi uliousikia ni Mawingu, ambao kampuni ya Microsoft na washirika wake waliuanzisha katika eneo lenu kwa mitambo inayotumia umeme wa jua. Mwaka huohuo wa 2013, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, COSTECH, pamoja na kampuni ya UhuruOne, walitangaza mpango wa aina hiyo jijini Dar es Salaam. Masafa haya yanapendwa kwa sababu ya maumbile yake: wimbi la megahezi 500 lina urefu wa sentimita 60, ilhali la Wi-Fi ya kawaida ya megahezi 2,400 lina sentimita 12 na nusu, na lile refu huvumilia miti na mabonde kuliko lile fupi. Kiwango cha kimataifa cha mitandao ya aina hii, kiitwacho IEEE 802.22, kilichoidhinishwa mwezi Julai 2011, kilibuniwa kikilenga mnara mmoja uhudumie watu walio umbali wa kilomita 30, na hali ikiruhusu hata kilomita 100.

Kuhusu televisheni yako, kifaa cha namna hii hakiruhusiwi kubahatisha. Hujitambulisha mahali kilipo, huiuliza kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu za masafa, ni chaneli zipi ziko huru hapo na kwa nguvu kiasi gani, na kisipopata jibu hunyamaza. Hali hiyo inafanana na mfugaji anayelisha mifugo kwenye mabua ya shamba la mwenzake kwa makubaliano: ruhusa ipo, lakini siku mwenye shamba akija na jembe, ng'ombe wanaondoka bila mabishano. Picha zikianza kuvunjika, andika tarehe, saa na kituo kilichoathirika, kisha uwasilishe malalamiko yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Malalamiko yasiyo na saa hayawezi kulinganishwa na kumbukumbu za mitambo, na bila ulinganisho huo hakuna atakayeweza kusema ni nani aliyekosea.

Mhariri, ninafundisha katika shule ya sekondari mjini Mombasa. Wi-Fi ya maabara yetu hukatika ghafla kwa dakika moja au zaidi, kisha hurudi yenyewe ikiwa katika chaneli nyingine. Fundi tuliyemwita alitutoza fedha, akabadilisha waya, na tatizo likabaki palepale. Je, kuna uhusiano wowote na redio hizi zinazochagua chaneli?

Mwalimu, dalili ulizozieleza zinaelekeza huko moja kwa moja, na inasikitisha kwamba mlilipia waya ambao pengine haukuwa na kosa. Sehemu ya masafa ya gigahezi 5 inayotumiwa na Wi-Fi ni masafa ya rada pia, zikiwemo rada za hali ya hewa na za kijeshi. Rada ndiyo mwenyeji na Wi-Fi ni mgeni. Kanuni za Ulaya na Marekani, ambazo ruta nyingi hutengenezwa kuzifuata, zinataka ruta isikilize chaneli ya rada kwa sekunde 60 kabla ya kuitumia, iondoke ndani ya sekunde 10 ikisikia mapigo ya rada, na isirudi hapo kwa dakika 30. Katika chaneli zinazogusa rada za hali ya hewa, kanuni za Ulaya hurefusha usikilizaji wa mwanzo hadi dakika 10. Ile dakika moja ya ukimya mnayoiona maabara, kwa kila dalili, ni ruta ikisikiliza chaneli mpya kabla ya kuthubutu kusema.

Huenda rada ipo kweli, na huenda ruta imedanganyika kwa kelele ya kifaa kingine. Ingia katika mipangilio ya ruta na uchague chaneli yoyote kati ya 36 na 48, ambazo hazina sharti la rada. Zitakuwa na msongamano zaidi ikiwa majirani wanazitumia, lakini somo halitakatizwa katikati. Kama ruta yenu inaweka kumbukumbu za matukio, zisome kwanza kabla ya kumwita fundi mwingine, kwa sababu kila tukio la kusikia rada huandikwa humo pamoja na saa yake.

Shikamoo Mhariri. Ninasoma uhandisi wa mawasiliano mwaka wa nne, Dar es Salaam. Mradi wangu unahusu kutambua chaneli iliyo wazi kwa kupima nishati yake. Msimamizi wangu anasema nisiamini matokeo yangu kwa sababu nimeongeza tu muda wa kusikiliza hadi kila kitu kikaonekana kizuri. Sielewi kosa langu liko wapi.

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako ana haki, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo wengi hujikwaa, hata waliokwisha kuhitimu.

Anza na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2008 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipotoa kanuni za kutumia chaneli tupu za televisheni, ilitaka kifaa kiweze kutambua ishara ya televisheni iliyo desibeli 114 chini ya miliwati moja (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu, na kila desibeli 10 ni mara kumi). Chukua wati moja, uigawe vipande milioni mara bilioni, kisha ushike vipande vinne tu mkononi: hicho ndicho kiasi cha nguvu kinachotakiwa kutambuliwa. Kelele ya joto peke yake, yaani nguvu isiyo na mpangilio inayotokana na joto la vitu, ndani ya chaneli ya Marekani yenye upana wa megahezi 6, iko kwenye desibeli kama 106 chini ya miliwati, hata kabla hatujaongeza kelele ya kipokezi chenyewe. Maana yake ni kwamba ishara unayoitafuta ni takribani sehemu moja ya sita ya kelele inayoifunika.

Nadharia ya mwanzo inatoa matumaini. Inasema kwamba ishara ikishuka hadi nusu, sikiliza mara nne zaidi. Ikishuka hadi sehemu moja ya kumi, sikiliza mara mia. Na ukiwa na subira ya kutosha hakuna ishara itakayokuponyoka. Nadhani hicho ndicho ulichokifanya kwenye kompyuta. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba unakijua kiwango cha kelele bila kosa lolote. Katika kompyuta unakijua, maana wewe mwenyewe ndiye uliyekiandika. Katika kifaa halisi kelele hupanda na kushuka pamoja na joto la mchana, umri wa vipuri na mitambo ya jirani. Ukiwa na shaka ya desibeli moja tu, juu au chini, basi kipimo cha nishati hakiwezi kutambua ishara iliyo chini ya karibu nusu ya kelele, hata ukisikiliza mwaka mzima, kwa sababu ongezeko dogo la nishati linaweza kuwa televisheni na linaweza kuwa kelele iliyopanda kidogo, wala hakuna kitu ndani ya kipimo hicho kinachotofautisha haya mawili. Wataalamu hulinganisha kikomo hicho na ukuta. Linganisha namba mbili nilizokupa: ukuta uko karibu na nusu, na ishara ya kulindwa iko kwenye sehemu moja ya sita. Uko upande usiofaa wa ukuta.

Njia ya kupita ni kuacha kuuliza "kuna nishati kiasi gani?" na kuanza kuuliza "je, kuna umbo ninalolifahamu?" Televisheni ya dijitali hubeba alama zake za kudumu, yaani toni za kuongozea vipokezi na vipande vinavyojirudia kwa vipindi maalumu, na kelele ya asili haina mpangilio huo. Mwandikie msimamizi wako sura moja juu ya utambuzi wa alama hizo, na utamwona akitabasamu.

Kuna tatizo la pili ambalo muda wa kusikiliza haulitibu kamwe. Kifaa chako kinaweza kuwa nyuma ya ghorofa au bondeni, kisisikie mnara wa televisheni, ilhali nyumba iliyo mtaa wa pili inaupokea vizuri. Kikianza kurusha, kinamharibia mtu ambaye hakikujua kwamba yupo. Dawa inayopendekezwa ni ushirikiano: vifaa vingi visikilize, na kimoja kikisikia, vyote viondoke. Chukua vifaa 10, kila kimoja kikiwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuusikia mnara. Uwezekano wa vyote kuukosa ni 1 kati ya 1,024. Hilo ni zuri mno, lakini tazama upande wa pili wa sarafu: ikiwa kila kifaa hutoa tahadhari ya uongo mara 1 katika 10, basi uwezekano wa angalau kimoja kupiga kelele bure unafikia asilimia 65, na mtandao wenu utakuwa ukikimbia chaneli tupu kutwa nzima. Kiwango cha IEEE 802.22 kilitaka utambuzi wa uhakika wa asilimia 90 na tahadhari za uongo zisizozidi asilimia 10, yote hayo ndani ya sekunde 2. Katika mradi wako weka namba zote mbili kwenye mchoro mmoja, kisha ongeza shaka ya kelele, na ukubali matokeo hata yakiwa mabaya. Mchoro mbaya ulio wa kweli utakufundisha mengi kuliko huo ulio nao sasa.

Mhariri, mimi ni mhandisi kijana huko Mwanza. Tuseme redio imekwisha kupata chaneli tatu zilizo wazi. Je, haitoshi kuchagua iliyo safi kuliko zote na kurusha kwa nguvu yote inayoruhusiwa?

Ndugu mhandisi, swali lako ndilo kiini cha somo zima, na jibu ni kwamba chaneli iliyo safi kuliko zote mara nyingi siyo iliyo bora. Natoa mfano wa hesabu tu, siyo wa vipimo vya mahali fulani. Mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba kasi ya juu kabisa ya chaneli inategemea upana wake na uwiano wa ishara kwa kelele: uwiano ukiwa 15, kila hezi moja hubeba biti 4 kwa sekunde, ukiwa 7, hubeba 3, ukiwa 3, hubeba 2. Katika upana wa megahezi 8, chaneli ya kwanza yenye uwiano wa 15 itabeba megabiti 32 kwa sekunde, na ya pili yenye uwiano wa 7 itabeba 24. Ukiishia hapo utachagua ya kwanza.

Sasa ongeza tabia ya mwenyeji, yaani yule mwenye haki ya kwanza katika chaneli. Tuseme chaneli ya kwanza hubaki wazi kwa sekunde 4 hivi kabla ya mwenyeji kurudi, ile ya pili hubaki wazi kwa sekunde 60, na kila unapohama unapoteza sekunde 2 za kusikiliza, kukubaliana na mwenzako na kuanza upya. Chaneli ya kwanza itakupa wastani wa megabiti 21 na kidogo, na ya pili megabiti 23. Yule uliyemdharau amekushinda, tena hatujahesabu usumbufu anaoupata mwenyeji kila mara unapochelewa kuondoka. Kwa maoni yangu usumbufu huo unastahili kupewa uzito mkubwa kuliko megabiti, maana ruhusa yetu yote imesimama juu yake.

Kisha zingatia nguvu ya kurusha. Kanuni za FCC za mwaka 2008 ziliruhusu kifaa cha kubebeka kirushe miliwati 100, lakini miliwati 40 tu kikiwa katika chaneli inayopakana na televisheni inayotazamwa. Ikiwa ile chaneli yako safi iko ubavuni mwa televisheni, uwiano wa 15 utashuka hadi 6, na megabiti 32 zitakuwa kama 22 na nusu hata mwenyeji asiporudi kamwe. Kwa hiyo kuchagua chaneli na kuchagua nguvu haviwezi kuamuliwa mbalimbali, kimoja leo na kingine kesho, vinakokotolewa pamoja.

Redio inayoweza kutumia chaneli kadhaa kwa wakati mmoja hugawa nguvu yake kama mtu anayemwaga maji kwenye shimo lenye sakafu isiyo sawa. Kimo cha sakafu ni kelele: palipo na kelele ndogo pana kina, na maji mengi hukusanyika hapo, palipoinuka sana panaweza kubaki pakavu kabisa. Wanafunzi wengi hushangaa, kwani huruma inawaambia wasaidie chaneli dhaifu, lakini hesabu inataka nguvu iende mahali itakapozaa. Katika redio tambuzi kuna nyongeza moja, ambayo ni kifuniko: juu ya kila chaneli kuna kimo ambacho maji hayaruhusiwi kukivuka, na karibu na mwenyeji kifuniko huwa chini sana. Maji yanayozuiwa hapo husambaa kwenda chaneli za mbali zaidi.

Baada ya nguvu inakuja kasi yenyewe. Hali ya chaneli ikiwa mbaya, redio hupakia biti 2 tu katika kila alama inayorushwa. Ikiwa nzuri hupakia 4, na ikiwa nzuri sana 6, huku ikipunguza au kuongeza biti za ziada za kusahihisha makosa. Ubora wa uamuzi huu unategemea upya wa taarifa. Kipokezi hupima na kumrudishia mrushaji majibu, na majibu yakichelewa, mrushaji anapakia biti 6 kwa hali ya chaneli iliyokwisha kupita. Nimeona mitandao iliyobuniwa kwa ustadi ikifanya vibaya kuliko ya kawaida kwa sababu hii moja, na ninakuomba uipe muda mwingi katika usanifu wako kuliko utakavyotamani kuupa.

Swali linalobaki ni jinsi redio inavyozijua tabia hizo za chaneli. Inajifunza kwa kutumia, na kila sekunde inayotumika kujaribu chaneli isiyojulikana ni sekunde iliyotolewa kwa chaneli inayojulikana. Redio nzuri hujaribu sana mwanzoni, kisha hupunguza majaribio bila kuyaacha kabisa, kwa sababu tabia za wenyeji hubadilika. Tena kumbuka kwamba redio yako haiko peke yake. Redio 20 zilizojifunza vizuri zitafikia hitimisho moja, zote zitakimbilia chaneli moja, na ubora ulioivuta kila moja utakwisha zikifika. Ndiyo maana katika algorithimu nyingi huwekwa kiasi fulani cha bahati nasibu, au redio hupewa zamu, na kila mtandao huweka orodha ya chaneli za akiba iliyokubaliwa mapema, ili siku ya kuhama wote wajue wanakwenda wapi.

Mhariri, nimesoma kwamba Marekani iliacha kulazimisha vifaa visikilize, ikategemea kanzidata. Kama kanzidata inatosha, kazi ya redio tambuzi imekwisha?

Ni kweli kwamba mwezi Septemba 2010 FCC iliondoa sharti la kusikiliza kwa vifaa vinavyojua mahali vilipo na vinavyoweza kuiuliza kanzidata, na ugumu niliomweleza mwanafunzi wa Dar es Salaam ulikuwa miongoni mwa sababu. Kwa televisheni uamuzi huo ni wa busara, maana mnara wa televisheni hauhami, na mahali ulipo panajulikana na kila mtu. Joseph Mitola, aliyelianzisha jina la redio tambuzi mwaka 1999, alikuwa na picha pana zaidi ya hiyo: redio inayofahamu mazingira yake na mahitaji ya mtumiaji wake, ikafanya maamuzi yenyewe. Kanzidata ni chombo kimojawapo cha ufahamu huo.

Kuna wenyeji ambao hawawezi kuandikwa katika kanzidata yoyote. Katika masafa ya megahezi 3,550 hadi 3,700, ambayo Marekani iliyafungua kwa matumizi ya pamoja kwa kanuni za mwaka 2015, mwenyeji mkuu ni rada za meli za jeshi la majini, na jeshi halitangazi meli zake ziko wapi. Kwa hiyo vipokezi vimesimikwa pwani vikisikiliza bahari. Kipokezi kikisikia rada, hutoa taarifa ndani ya sekunde 60 kwa mfumo unaogawa chaneli, na mfumo huo una sekunde 300 za kuwahamisha au kuwanyamazisha watumiaji wote wa eneo hilo. Kazi ya kusikiliza imetolewa katika kifaa kidogo cha mkononi, kisichoweza kuaminiwa nyuma ya ghorofa, ikapewa kipokezi kilichowekwa mahali pa wazi na kinachopimwa mara kwa mara. Kazi ya kuchagua chaneli na nguvu inaendelea vilevile, kwa hesabu zilezile nilizomwandikia mhandisi wa Mwanza.